Samaki Aliyekufa kwa Kushiba

Katika nchi ya Marekani, jimbo la Kansas, kuna mji uitwao Hays. Katika nyumba ya makumbusho ya Sternberg mjini humo limewekwa bamba kubwa la jiwe, na watu hutoka mbali kwenda kulitazama. Ndani ya jiwe hilo amelala samaki mwenye urefu wa mita 4 na zaidi. Na ndani ya tumbo lake amelala samaki mwingine, mzima, mwenye urefu wa karibu mita 1 na sentimeta 80, ndiyo kusema kimo cha mwanamume mrefu. Samaki wawili, kaburi moja. Sisi tumeitazama picha yao mara nyingi, na kila mara tumeona kwamba ina neno la kutuambia sisi wenye nyumba na watoto.

Samaki yule mkubwa huitwa Xiphactinus. Mtaalamu Joseph Leidy wa Marekani ndiye aliyempa jina hilo mwaka 1870, kwa kuona kipande tu cha mfupa wa pezi lake. Maana yake ni kama kusema «mwiba wa upanga». Ni wa kundi lile kubwa la samaki ambao mapezi yao hushikwa na miiba myembamba, kama walivyo ndagala na sangala wa ziwa Tanganika. Taya lake la chini lilielekea juu, na meno yake marefu yalitokeza kama misumari. Aliyekwisha kumwona mbenga wa mto Kongo ataweza kumfikiri, lakini mbenga ni mdogo mbele yake, maana Xiphactinus aliweza kufika mita 5. Leo hayupo tena baharini. Ukoo wake wote umekwisha.

Mwanafunzi atauliza: Samaki wa bahari alifikaje Kansas, nchi ya ngano na majani, iliyo mbali sana na pwani? Zamani, miaka milioni 80 na zaidi iliyopita, bahari ilipita katikati ya Amerika ya Kaskazini na kuigawa pande mbili. Maganda madogo mno ya viumbe vya bahari yalishuka chini pasipo kukoma, yakawa tope jeupe, na tope likawa jiwe la chokaa. Samaki aliyezama na kufunikwa upesi, mifupa yake ilihifadhika.

Wala Mkristu asiogope hesabu ya miaka hiyo. Mmoja wa watu wa kwanza walioeleza vema mambo hayo alikuwa Niels Stensen, mganga wa Denmark. Mwaka 1667 aliandika kwamba mawe fulani, ambayo watu walisimulia hadithi nyingi juu yake, yalikuwa meno ya papa wa zamani. Mtu huyu akawa Mkatoliki, kisha padri, kisha askofu, na mwaka 1988 Papa Yoane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye heri. Aliyefungua kitabu cha mawe hakukifunga kitabu cha Mungu.

Sasa turudi kwa samaki wetu. Mwaka 1952 George F. Sternberg, mtu aliyetumia maisha yake katika kuchimbua mifupa ya kale, alimtoa katika chokaa ya Kansas. Yule wa ndani, aitwaye Gillicus, alimezwa kwa kichwa. Mifupa yake ingali imepangika yote, tumbo halikuwahi kuiyeyusha. Kwa hiyo wataalamu wanajua kwamba mmezaji alikufa mara baada ya kumeza. Nao hudhani kwamba windo lake lilipapatika ndani kwa nguvu, likamwumiza vibaya. Wala si huyu peke yake: Xiphactinus wengine pia wamechimbuliwa wakiwa na samaki mkubwa tumboni.

Hatutaki kumhukumu samaki. Yeye hakutenda dhambi, maana Mungu hakumpa akili ya kupima wala dhamiri ya kumkemea. Aliona njaa, akafungua kinywa. Lakini sisi tumepewa vyote viwili, na hapo ndipo hesabu yetu inapokuwa nzito.

Tazama yanayotokea katika jamaa zetu. Mume anafariki. Matanga hayajaondolewa, ndugu zake wamekwisha kufika. Mmoja anachukua baiskeli, mwingine cherehani, wa tatu anadai nyumba na shamba. Mjane anarudishwa kwao na mkeka wake, na watoto wanaacha masomo. Ndugu hao husema kwamba ndiyo desturi. Lakini wazee wetu walimwachia ndugu mali ili awalishe yatima, siyo ili awameze. Hata sheria ya jamaa ya Kongo, ya mwaka 1987, huwaweka watoto wa marehemu mbele ya ndugu zake katika urithi. Na zaidi ya sheria hiyo iko amri ya Mungu, ambaye katika Maandiko Matakatifu amejiita mtetezi wa wajane na yatima.

Mwenye kunyang'anya hudhani kwamba kilichomezwa kimekwisha. Sivyo. Mali ya yatima hupapatika tumboni. Watoto wale watakua, watakumbuka, watakataa kumwita baba mdogo wao kwa jina la baba. Ukoo utagawanyika, sala ya pamoja itakoma, na mmezaji hatapata usingizi juu ya godoro la marehemu. Tamaa mbele, mauti nyuma: wahenga walisema hivyo bila kumjua samaki wa Kansas.

Basi, ninyi akina baba, mfanye mipango mngali wazima, mbele ya mashahidi, ili wake zenu na watoto wenu wasiwe windo. Nanyi akina ndugu, mtakapofika matangani, fikeni na mikono ya kutoa. Anayehitaji kushiba siku ile ni yatima.