Fomu ya Darasa la Kwanza

Mwanangu wa kwanza sikumpeleka shule. Alijipeleka. Ilikuwa Januari 2003, serikali mpya ya Rais Kibaki ilipoondoa karo ya shule za msingi na watoto waliokuwa wamebaki nyumbani wakamiminika madarasani kote Kenya. Wangu alikuwa amepitwa kitambo. Mkono wake ulivuka kichwa na kushika sikio la pili bila shida, kile kipimo cha zamani cha umri wa kuanza shule. Nilikuwa nimemweka achunge mbuzi na kunisaidia kumwagilia maharagwe ya mishiri, hapa Kithimani. Watu niliwaambia ni karo. Lakini karo ilipoondoka, bado nilimwambia amalize shamba kwanza. Akaamka alfajiri, akamwagilia, akanawa miguu, akaenda peke yake bila sare.

Mimi sikusoma. Nililelewa kando ya Mfereji wa Yatta, ule uliochimbwa na wafungwa wa Mau Mau miaka ya 1950, nikijua jembe tu. Shule niliiona ni mambo ya watoto na walimu.

Miaka ikapita. Dada mmoja wa Kijapani aliyejitolea kufanya kazi na vikundi vya wakulima alikuwa akipumzika nasi kando ya kitalu cha nyanya, nikamuuliza kwao watoto huanzaje shule. Akasema huanza wakiwa na miaka sita, mwezi wa Aprili, na siku hiyo ni sherehe. Wazazi huvaa kama wa harusini, mtoto hubeba mkoba mgumu wa mgongoni ambao wengi huutumia mpaka wamalize darasa la sita. Babake dada huyo alikuwa fundi wa magari. Siku hiyo alifunga gereji. Dada huyo alisema pia kwamba watoto husafisha madarasa wenyewe, tukacheka, maana hilo hata kwetu lipo. Ila ile gereji iliyofungwa ilinikwama kooni. Sikuwa nimeacha shamba hata asubuhi moja kwa ajili ya mtoto.

Kitindamimba wangu alipofika umri, nilivaa koti la kanisani nikamshika mkono hadi shuleni. Ofisini nikapewa fomu. Nikabaki nimeishika. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu, nami nikaanza kujiambia nitarudi kesho, na nilijua sitarudi.

Aliyeniokoa ni kijana wangu yuleyule, sasa darasa la nane. Aliniona dirishani, akaomba ruhusa. Alikuwa na kila sababu ya kuniacha niaibike. Akaandika jina la dadake, tarehe ya kuzaliwa, kisha jina langu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba, weka kidole hapa." Wino alikuwa ameshausogeza kabla mwalimu hajauliza lolote.

Siku hiyo sikuweza hata kumshukuru. Nilimwomba msamaha baadaye, shambani, naye akanijibu kwamba mishiri inataka maji.

Muhula uliofuata nilijiunga na ngumbaru, masomo ya watu wazima. Sijawa msomi: hesabu za dalali nazifuata, gazeti bado linanishinda. Mjukuu alipoanza Gredi ya 1, fomu niliijaza mwenyewe, nikikosea na kufuta. Kama nawe Januari unaiogopa fomu hiyo, beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto, maana watakiulizia, umwambie mwalimu wazi kwamba hujui kusoma. Amewaona wengi kama sisi.