Ndugu Wawili wa Tanga, Timu Mbili Ngeni na Ligi Isiyojua Huruma

Usiku wa Januari 23, 2024, kaka alikuwa sebuleni kwake Houston, chai ya tangawizi mkononi, anaangalia kikapu. Timu ya Chuo Kikuu cha Houston ilikuwa ugenini Provo, jimbo la Utah, inacheza na BYU. Mkewe alikuwa jikoni na alijua kabisa kwa nini mume wake siku hiyo hatulii kwenye kiti. Provo ndiko anakoishi mdogo wake, na hawa wawili walikuwa hawajaongea tangu 2019.

Houston wakashinda 75-68. Kaka akapiga kofi moja, akazima TV, akaenda kulala bila neno. Dakika kumi baadaye simu ya mkewe ikalia. Ni WhatsApp, sauti ya dogo: "Shem, habari za usiku. Mwambie Kaka hongera."

Basi. Sekunde tano tu, baada ya miaka karibu mitano.

Kaka aliingia Houston 2008. Alianza kwa kuosha vyombo hotelini, sasa ni dereva wa lori la kusambaza mizigo, ana mke, watoto wawili na nyumba anayolipia mkopo. Dogo yeye alipata kwa bahati nasibu ya green card, akatua mwishoni mwa 2018 na begi moja na jaketi la kuazima. Akapewa kochi la sebuleni.

Mwezi wa tatu dogo akagonga gari la kaka kwenye maegesho. Mwezi wa tano akaachishwa kazi ghalani kwa kuchelewa, maana alikuwa anapanda mabasi mawili kufika. Mwezi wa saba, mbele ya watoto wakati wa chakula, kaka akamwambia: "Dogo, Marekani hii haikufai. Wenzio mwaka wa kwanza wananunua gari, wewe umeng'oa taa za langu." Dogo akamaliza wali wake, akasema ahsante shem. Kesho yake akapanda basi kwenda Utah, ambako rafiki yake Mkongomani alikuwa amemtafutia kazi ya usiku kiwandani.

Kule Tanga, mama kila Ijumaa anapiga simu, kwanza kwa mmoja kisha kwa mwingine. "Nduguyo hajambo?" Kila mmoja anajibu, "Hajambo, Mama." Mama ana presha na miguu inamsumbua, ila akili haijamsumbua hata siku moja. Alijua, na hakusema.

Sasa hii habari ya kikapu inaingiaje hapa?

Vyuo vya Marekani hucheza kwa makundi yanayoitwa konferensi, yaani kila kundi ni kama ligi yake. Moja ya ngumu kabisa ni Big 12. Mwaka 2023 ligi hiyo ilipokea wageni wanne kwa mpigo: Houston, BYU, Cincinnati na UCF ya Orlando. Kwa hiyo timu ya mjini kwa kaka na timu ya mjini kwa dogo, ambazo kabla ya hapo kila moja ilikuwa na njia yake, zikajikuta nyumba moja. Na wageni hao hawakupewa sahani iliyojaa. Kwa miaka miwili ya mwanzo mgawo wao wa fedha za ligi ulikuwa mdogo kuliko wa wenyeji. Kazi sawa, mlo nusu.

Kabla ya msimu makocha walipiga kura ya nani atamaliza wapi. Kati ya timu 14, BYU waliwekwa nafasi ya 13 na UCF ya 14. Houston ndio waliheshimiwa, nafasi ya pili nyuma ya Kansas.

Kaka hakushangaa. Kazini kwake kuna mzee mmoja wa Texas, mwenye kofia haitoki kichwani, ambaye ndiye aliyemfundisha kuipenda timu hii. Mzee alimsimulia jinsi Houston walivyotesa miaka ya 1980, enzi za Hakeem Olajuwon kutoka Nigeria, hadi wakapoteza fainali ya taifa ya 1983 kwa 54-52 dakika ya mwisho kabisa. Akamsimulia pia jinsi ligi yao ya zamani ilivyovunjika 1996. Texas, Texas A&M, Texas Tech na Baylor wakachukuliwa kuingia Big 12, Houston wakaachwa mlangoni. Walikaa nje miaka 27. Kocha Kelvin Sampson alipofika 2014 aliikuta timu imechoka, akaanza upya na vitu viwili visivyo na mapambo: ulinzi na kugombea mipira inayodunda kutoka kwenye kikapu.

Houston wakaanza msimu huo bila kufungwa hata mechi moja, ushindi 14 mfululizo. Halafu wakasafiri. Januari 9 Iowa State wakawachapa 57-53. Januari 13 TCU wakawachapa 68-67. Mechi mbili za kwanza za ligi ugenini, vichapo viwili. Wiki ile kaka hakuongea na mtu kuhusu kikapu.

BYU nao mechi yao ya kwanza ya ligi, tena nyumbani mbele ya ule umati wa Provo wa watu zaidi ya 17,000, walifungwa 71-60 na Cincinnati, mgeni mwenzao! UCF, waliowekwa mkiani na makocha, wao wakaanza nyumbani kwa kuifunga Kansas 65-60. Yaani ligi ilikuwa haieleweki.

Baada ya ile sauti ya sekunde tano, shemeji akawa posta. Dogo anatuma, shem anamchezesha kaka, kaka anaguna, shem anajibu: "Kaka yako amesikia." Ikaenda hivyo mwezi mzima, hadi Februari 27. Usiku huo BYU walikwenda Kansas, kwenye uwanja wa tangu 1955 ambao wageni hutoka wakiwa wameinamisha vichwa. Wakashinda 76-68. Kaka aliinuka kwenye kiti, akaomba simu ya mkewe, akabonyeza mwenyewe: "Dogo. Leo mmefanya kweli."

Jibu lilichukua siku mbili. Lilikuwa refu, na shemeji anasema kaka aliliskiliza garini, peke yake, mara tatu.

"Kaka, shikamoo. Nimefurahi kusikia sauti yako. Nina jambo dogo tu. Wale TCU waliowafunga pointi moja Januari, unajua waliingia ligi hii 2012? Mwaka wa kwanza walishinda mechi mbili za ligi, wakafungwa 16. Mwaka wa pili wakacheza mechi 18 za ligi, wakafungwa zote 18. Sifuri, Kaka. Hakuna aliyewaambia ligi hii haiwafai. Mimi ulinipa miezi saba."

Kaka hakujibu siku hiyo. Ila mkewe anakumbuka alikwenda kumuuliza mzee wa kofia kama habari ya TCU ni kweli. Mzee akacheka, akasema ni kweli, na kwamba hao hao wa sifuri, Februari 2013, ndani ya ule msimu wao wa ushindi wa mechi mbili, waliifunga Kansas.

Msimu ulipoisha hesabu ilikuwa hivi. Houston walishinda 15 na kufungwa 3, mabingwa wa ligi mwaka wao wa kwanza. BYU, wa nafasi ya 13 kwenye kura, walishinda 10 na kufungwa 8, sawa sawa na Kansas. Cincinnati na UCF kila mmoja ushindi 7, vichapo 11. Wageni wanne, mlango mmoja, mgawo mmoja, na majibu yote hayo tofauti.

Hapo ndipo kaka akapiga simu mwenyewe. Kama wanaume wengi, hakuanzia kwenye jambo lenyewe. Alianza kwa kubishana.

"Unaona sasa? Mgeni akija na kazi yake mkononi hapati shida. Houston walikuja na ulinzi wao, wakatawala. Ndicho nilichokuwa nakwambia siku zote."

"Kaka, Houston walihamia ligi, hawakuhama nyumba," dogo akasema. "Kocha yule yule wa miaka karibu kumi, uwanja ule ule wa watu elfu saba, wachezaji wanalala kitanda kile kile. Kilichobadilika ni wapinzani. Mimi nilihama kila kitu siku moja. Lugha, baridi, basi, kazi, kitanda. Na kocha wangu ulikuwa wewe."

Kimya kilikuwa kirefu mpaka dogo akadhani simu imekatika.

"Kocha alikuwa mbovu," kaka akasema.

Hawakukumbatiana kwenye simu wala hakuna aliyelia. Walianza tu kupigiana, na kwa kuwa mambo ya nyumbani bado yalikuwa mazito, waliongea kikapu. Msimu wa 2024-25 ukaleta wageni wengine wanne: Arizona, Arizona State, Utah na Colorado. Arizona wakaingia kwa kishindo, ushindi 14 na vichapo 6. Utah wakajikongoja na 8 kwa 12, Arizona State 4 kwa 16. Colorado, ambao walikuwemo Big 12 tangu ilipoanza na wakaondoka 2011, walirudi wakidhani wanarudi nyumbani, wakamaliza na ushindi 3 na vichapo 17. Nyumba ilishabadilika, funguo za zamani hazikufungua kitu.

BYU, mwaka wao wa pili, walipanda hadi ushindi 14 na vichapo 6, japo Houston waliwabamiza 86-55 Januari na dogo hakupokea simu siku nzima. Houston wenyewe walifungwa mechi moja tu ya ligi kati ya 20. Wakaenda hadi fainali ya taifa, San Antonio, Aprili 7, 2025.

Dogo akachukua ruhusa kazini, akakata tiketi ya ndege. Siku hizi ana kazi ya mchana, ni fundi wa mitambo pale pale kiwandani, na anaishi kwenye nyumba ya kupanga yenye jina lake kwenye mkataba. Kaka alimpokea uwanja wa ndege. Walipofika maegesho, kaka akazunguka hadi upande wa abiria na kumrushia funguo za gari.

"Endesha wewe. Goti linaniuma."

Goti halikuwa linauma. Dogo aliendesha kilomita zote hadi nyumbani kwa mwendo wa maharusi.

Usiku huo Houston waliongoza kwa pointi 12 kipindi cha pili. Florida wakapunguza, wakasawazisha, wakapita. Sekunde za mwisho Houston walikuwa na mpira mkononi, wako nyuma kwa mbili, na hawakupata hata nafasi ya kurusha. 65-63. Watoto wakaondoka sebuleni kimya kimya. Kaka akabaki anatazama TV iliyozimwa, na dogo pembeni yake kwenye kochi lile lile alilolalia miezi saba.

Ilikuwa saa nne na nusu usiku Houston. Tanga ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mama keshaswali, keshakunywa uji wake. Shemeji akapiga simu ya video, akaiweka katikati yao bila kuwauliza.

Mama aliiangalia skrini muda mrefu. Akasogeza simu karibu na macho, kisha mbali, kisha karibu tena.

"Mmeshindaje, wanangu?"

"Tumefungwa, Mama," kaka akasema. "Kwa pointi mbili."

Mama hajui kikapu. Akauliza kama wamekula.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Wewe ndugu akija kwako mgeni, unampa muda gani kabla ya kumwambia mji haumfai? Na waliofika ugenini wakalala kwenye kochi la mtu, mwaka wenu wa kwanza mlishinda ngapi, mkafungwa ngapi?