Medali ya kompyuta pekee haitoshi kazini

MZAZI mwenzangu, iwapo una mtoto anayesomea kompyuta, yamkini siku moja atakujia mbio akuambie ameteuliwa kushiriki mashindano ya kuandika programu. Mpongeze. Lakini kabla hujawatangazia majirani kwamba ajira sasa iko kibindoni, hebu nisikilize. Mimi hujipatia riziki kwa kuandika programu, na mpwa wangu ni mmoja wa mabingwa hao.

Mashindano haya si mzaha. Katika yale ya kimataifa ya vyuo vikuu yaitwayo ICPC, wanafunzi watatu hupewa kompyuta moja na muda wa saa tano kutatua maswali magumu yapatayo kumi. Majibu yao hupimwa kwa mifano ambayo hawaonyeshwi. Kosa dogo tu, jibu zima limekataliwa, na kila jaribio lililokataliwa huwaongezea dakika 20 za adhabu wakija kulipata swali hilo. Wanafunzi wa shule za upili nao wana IOI, yaliyoanzia Bulgaria mwaka wa 1989, na huko kila mmoja hujitegemea.

Sasa tazama tofauti. Mashindanoni, swali limekwisha kuandikwa likaeleweka, na aliyelitunga analijua jibu. Muda ukiisha, programu ile haina kazi tena. Ofisini mambo ni kinyume. Aghalabu mteja hajui anachokitaka mpaka aonyeshwe asichokitaka. Tena programu huishi kuliko ilivyodhaniwa. Waliouandika mwaka kwa tarakimu mbili katika miaka ya 1960 na 1970, ili kuokoa nafasi iliyokuwa ghali kwenye kompyuta, wengi wao hawakudhani kazi yao ingefika mwaka wa 2000. Ilifika, na mabilioni ya dola yakatumika kuirekebisha.

Mpwa wangu alipoajiriwa, alikuta ripoti ya mauzo iliyochukua usiku kucha kutayarishwa. Akaipunguza hadi dakika chache, kwa kuwa alijua namna ya kutafuta rekodi bila kuzipitia zote moja baada ya nyingine. Hilo alilipata mashindanoni, wala hakuna aliyembeza.

Miezi mitatu baadaye, mwenzake alitumwa kuongeza kiwango kipya cha ushuru katika ripoti hiyo. Masikini! Hakuelewa hata mstari mmoja. Majina yote yalikuwa herufi mojamoja, na maelezo hayakuwapo kabisa.

"Mjomba, kwani programu si inafanya kazi?" kijana akanilalamikia.

"Inafanya kazi, mwanangu," nikamjibu, "lakini wenzako hawawezi kuifanyia kazi."

Alinuna siku mbili, kisha akaketi na mwenzake wakaiandika upya.

Kwa hivyo mzazi, mwache mtoto ashindane. Atajifunza kufikiri haraka na kutoogopa swali gumu. Ila akirudi na medali, muulize pia: Je, mwenzako anaweza kuisoma kazi yako? Je, umemuuliza atakayeitumia?

Na yule mwingine asiye na medali, anayeenda polepole, akikaa na karani kumwuliza shida zake na kuandika maelezo ya kila hatua, usimwite mzembe. Huenda ndiye ambaye ofisi nzima itamlilia siku atakapoondoka.