Chungu Kibichi

Kwa miezi kumi na minne, chini ya kitanda changu pale Jericho kulikuwa na chungu ambacho hakikuwahi kuona moto. Nilikifunga kwa leso kuukuu ya mathe, nikakitia ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia, na juu yake nikaandika kwa herufi kubwa: USIGUZE. Mdogo wangu alidhani nimeficha pesa.

Chungu kibichi hudanganya macho. Kina tumbo, kina shingo, kina mdomo, unaona kabisa kimeisha. Lakini kigonge kwa ukucha, kinatoa sauti ya kadibodi. Kitumbukize kwa maji, na kabla chai yako haijapoa kitaanza kumomonyoka kurudi kuwa matope. Mwalimu wetu wa ufinyanzi alituonyesha hivyo wiki ya kwanza chuoni. Alichukua kikombe kizuri cha mwanafunzi aliyetutangulia, akakitia ndoo ya maji mbele yetu. Darasa zima likapiga kelele. Yeye akacheka tu, akasema udongo unasamehe mpaka pale unapoingia tanuri. Ukipita nyuzi 600 hivi, yale maji yaliyojifunga ndani ya udongo wenyewe yanatoka, na hakuna ndoo itakayoweza kuulainisha tena.

Niliipenda hiyo kozi vibaya sana. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisikia uliacha chuo hudhani ulikuwa umechoka na masomo. Mimi nilikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kufukuzwa na mlinzi. Wiki tatu nzima nilishindwa na kitu kimoja, kuuweka udongo katikati ya gurudumu. Unaurusha pale, gurudumu linazunguka, unaubana kwa viganja, na ule udongo unakupiga kiwiko mpaka mabega yanauma. Magurudumu yalikuwa sita, yaliyofanya kazi ni mawili, sisi tulikuwa ishirini na kitu. Kwa hivyo wengi tulijifunza kujenga kwa mikono, unasokota udongo kama kamba, unazungusha pete juu ya pete, unakwangua ukuta mpaka ulainike. Jioni nikipanda mathree kurudi Jogoo Road kucha zimejaa matope, makanga alikuwa ananiuliza, "Madam, leo mjengo ulikuwa wapi?"

Ni kwa sababu ya hiyo mikono nilimpenda Magdalene Odundo kabla sijaona picha zake vizuri. Alizaliwa hapa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza 1971 akiwa na mpango wa kufanya sanaa ya matangazo, akaishia kwenye udongo. Hatumii gurudumu. Anajenga kwa mkono, anakwangua kwa kipande cha kibuyu, anapaka udongo laini kama uji, anasugua mpaka ung'ae bila rangi ya kioo. Ukichomwa na hewa ya kutosha unatoka mwekundu kama chungwa. Ukichomwa tena hewa ikiwa imebanwa, moshi unaufanya mweusi. Ni udongo uleule, tofauti ni pumzi ya moto tu. Vyungu vyake viko British Museum, na mwaka 2020 Waingereza walimpa cheo cha Dame. Kabla ya hayo yote alikwenda Abuja, Nigeria, akafunzwa na wanawake wafinyanzi, mmoja wao Ladi Kwali, ambaye sura yake iko kwenye noti ya naira 20.

Nilimwambia mathe hiyo ya noti. Nilifikiri itasaidia. Alikuwa anakunja suruali za mitumba za kupeleka Gikomba asubuhi, hakuinua hata kichwa. Akasema, "Nyathina, mimi nilitoroka udongo. Wewe unaulipia karo."

Hapo lazima nieleze. Dani, mama yake mathe, alikuwa mfinyanzi huko Nyakach. Mathe alikua akibeba udongo kichwani kutoka bondeni, akibeba vyungu kichwani kwenda soko, na vikivunjika njiani anachapwa. Dani alikuwa anaviringisha kamba iliyosokotwa shingoni mwa chungu kikiwa bado na unyevu, inaacha alama kama ngozi ya samaki, kisha anavirundika uwanjani na nyasi na kuni, anachoma kwa alasiri moja. Hakuwa na kipimajoto. Alitazama rangi. Alikufa nikiwa darasa la sita, na sikumuuliza chochote, kwa sababu nilipokuwa naenda ushago nilikuwa natafuta mahali penye mtandao. Kisha nikaenda chuo kikuu kujifunza kwa slaidi kitu ambacho bibi yangu alikuwa anafanya nyuma ya nyumba. Mathe hakuwahi kunisamehe hiyo hesabu, na sidhani alikosea.

Mwaka wa tatu, tanuri la chuo liliharibika. Nyaya za ndani ziliungua, tukaambiwa vipuri vinaagizwa. Muhula ukaisha. Muhula mwingine ukaanza, tukaambiwa tupige picha kazi zetu zikiwa mbichi tupewe alama kwa picha. Kwenye rafu za karakana kulikuwa na vitu vyetu vyote, vimekauka, vyeupevyeupe, vikingoja. Changu kilikuwa pale, kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kujenga, urefu wa kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, na shingoni nilikuwa nimejaribu ile alama ya kamba ya dani. Nilijaribu mara nne. Haikutoka kama yake.

Muhula huohuo Gikomba iliungua. Gikomba huungua, kila mtu wa Eastlands anajua, unaamka unaona moshi upande wa mto na unaanza kupiga simu. Safari hii ilikuwa line ya mathe. Alikuwa amefungua belo mbili za suruali siku iliyotangulia, moja ikiwa ya deni. Nilipofika alikuwa amesimama na kina mama wenzake, leso mabegani, anaangalia mabati yaliyojikunja. Hakulia. Aliniuliza kama nimekula.

Deni la karo lilikuwa elfu arobaini na saba. Sikungoja kuzuiwa mlangoni pa mtihani. Nilienda karakana siku ya Jumamosi, nikachukua chungu changu, nikakipakata kwenye magari mawili mpaka Jericho kama mtoto mgonjwa. Watu walinipisha kiti. Mathe nilimwambia tumefunga mapema. Huo uongo niliula miezi mitatu. Nilikuwa naamka saa kumi na moja, navaa, natoka na begi, naenda kukaa maktabani Makadara nikiandika makala za maneno mia tano kuhusu magodoro kwa mtu ambaye sijawahi kumwona. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwandishi, kama kuna mtu aliwahi kujiuliza.

Mathe alijua kitambo. "Kucha zako ni safi," aliniambia siku moja tukichambua sukuma. Ni hilo tu.

Baada ya kutema huo uongo nilianza kutembea bila sababu, nateremka Jogoo Road hadi Burma, navuka naingia Kamukunji. Ukitaka kusikia Kamukunji funga macho, nyundo juu ya bati, mamia, kila moja na wimbo wake. Nilikuwa nimepita hapo maisha yangu yote bila kuona kwamba hii pia ni karakana ya ufinyanzi. Jiko la makaa tunalolijua, lile la bati lililobanwa kiunoni, lina chungu ndani yake. Wazo la kuweka udongo ndani ya bati lilikuja kutoka Thailand, likabadilishwa huku miaka ya themanini mwanzoni, na mafundi wa Shauri Moyo na Kamukunji wakalichukua likawa lao. Ule udongo wa ndani ndio unaoshika joto ili makaa yasiishe haraka. Unawashwa asubuhi na jioni, unamwagiwa maji na watoto, unapigwa teke, na bado unadumu. Chuoni hakuna aliyewahi kutupeleka kuuona. Tulipelekwa Karen, Kazuri, kuangalia shanga. Shanga ni nzuri, sisemi kitu.

Nilimzoea mzee mmoja anayefunga majiko. Siku ya tatu aliniuliza nataka nini kwa sababu ni wazi sinunui. Nikamwambia nina chungu kibichi nyumbani. Akasema nilete.

Alikigeuza, akatia mkono ndani, akapima ukuta kwa vidole viwili. "Nani alikufundisha?"

"Shule, mzee."

"Udongo wako ni laini sana. Hamkutia kitu ndani?" Alimaanisha vigae vilivyosagwa au mchanga, vile vinavyompa mvuke njia ya kutoka. Nilikuwa nimetia, kidogo. Akaguna. Vyungu vyake vya jiko huletwa kwa pikapu kutoka upande wa Murang'a, huko ndiko vinachomwa. Angeweza kuongea na dereva. "Lakini kikipasuka kikavunja vya wenyewe, utalipa vingapi?"

Nilisema vitano. Sikuwa na pesa ya hata kimoja.

Usiku huo nilikitoa nikakaa nacho sakafuni. Kilikuwa na njia mbili. Ningeweza kukiloweka kwenye karai, niupate udongo wangu wote tena, na hakuna mtu angejua kama kingepona motoni au la. Mathe alitoka jikoni akanikuta. Alipitisha kidole kwenye ile alama ya shingo, polepole, kuzunguka yote. "Kamba yako ulisokota kushoto," akasema. "Mama alisokota kulia."

Asubuhi nilikipeleka Kamukunji, kimefungwa kwa leso ileile, nikamwona dereva akikiweka katikati ya magunia matupu. Alinipa namba yake nikaipoteza.

Kilirudi baada ya siku kumi na sita. Upande mmoja mwekundu, upande mwingine mweusi tititi pale ulimi wa moto ulipofika, na ufa mwembamba kutoka mdomo hadi nusu ya tumbo. Hakikuvunja kitu cha mtu. Nikakigonga kwa ukucha pale kwenye stendi, kikalia, si kama kengele, lakini kikalia.

"Kinashika maji?" mathe aliuliza nilipokiweka mezani.

Tulijaza. Baada ya dakika chache maji yakaanza kutoka kwenye ufa, tone moja moja, yakatiririka kwenye kitambaa cha meza. Lakini chungu kilikaa hivyohivyo. Mathe alimwaga maji, akakifuta, akakiweka kando ya jiko, akatia vitunguu.