Gari imelala? Pita Shaurimoyo kabla ya kuvaa rimu 19

Wiki hii safu yetu imetinga Ilala, Dar es Salaam, mtaa wa Shaurimoyo, kwenye maskani ya spea. Ukikanyaga tu pale, vijana wanakudaka: "Kaka, unatafuta nini? Taa? Bampa? Kioo?" Rimu zimeegemezwa ukutani zinameremeta utadhani sinia za harusi.

Na harusi ndiyo iliyotupeleka. Mshikaji wangu ana Toyota Altezza RS200, ile sedani ya kispoti iliyouzwa Japani kuanzia 1998 hadi 2005. Kaishusha mpaka paka hapiti chini. Dada yake alikuwa anaolewa Morogoro, na gari hiyo ndiyo ingembeba mama yao na shangazi. Jamaa alijichanga miezi minane, anataka rimu 19, basi! Mshiko wenyewe ni wa seti moja tu. Ukikosea, hakuna raundi ya pili.

Tukampa shikamoo fundi mmoja mtu mzima. Akaitikia, akazunguka gari mara moja, akauliza: "Wadogo zangu, mnanunua rimu ya kupiga picha au ya kusafiria?"

Hapo darasa likaanza. Tairi ya kiwandani ya gari ile ni 215/45 R17. Namba 215 ni upana wa tairi kwa milimita. 45 ni asilimia ya upana huo, yaani kimo cha ubavu. 17 ni rimu kwa inchi. Ukipiga hesabu, ubavu ni kama milimita 97 na gurudumu zima milimita 625. Siri ni hii: rimu ikikua, ubavu upungue, ili gurudumu zima libaki karibu na kimo chake cha mwanzo.

Sasa vaa 225/35 R19. Gurudumu linafika 640, na spidomita ikisoma 100 wewe uko kama 102. Hiyo siyo noma sana. Noma ni ubavu, umebaki milimita 79. Ubavu ndio mto wako kati ya rimu na shimo. Gari iliyoshushwa springi zake hazina nafasi ya kucheza, kwa hiyo pigo lote linaishia kwenye tairi. Shimo moja la masika, rimu imepinda au ubavu umevimba. Na tairi iliyovimba ubavu haizibwi kama pancha, inatupwa.

Mshikaji bado mbishi. Fundi akafunga 19 moja nyuma ya kujaribia, akaita vijana wanne wa kijiweni wajazane ndani. Gari ikadidimia, tairi ikabusu madigadi! "Gari haipimwi tupu," akasema. Akafunga 18 yenye 215/40. Gurudumu zima ni 629, ubavu 86. Vijana wakapanda tena, na safari hii kidole kikapita kati ya tairi na madigadi. Za mbele nazo zikajaribiwa kwa kukata usukani kulia mpaka mwisho, kisha kushoto. Hazikugusa popote.

Usidanganywe na matundu matano pia. Altezza ina boliti tano kwenye duara la milimita 114.3. Subaru Impreza nyingi za zamani zina tano vilevile, ila duara lao ni 100. Kwa macho zinafanana, kwenye gari haziingii. Geuza rimu nyuma usome na namba ya ET: ikiwa ndogo kuliko ya kiwandani, rimu inasogea nje kuelekea madigadi, ikiwa kubwa, inaingia ndani kuelekea shokapu.

La mwisho, soma umri wa tairi. Kwenye ubavu, mwisho wa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na kashata nzima lakini mpira umekauka kwa uzee. Hiyo usibebee mama wa mtu.

Jamaa akalipia 18, kanuna kidogo. Jumamosi tukaingia barabara ya Morogoro, karibu kilomita 200, watu wanne garini. Matuta ya Kibaha tuliyavuka kiubavu, polepole, bila mkwaruzo. Ukumbini vijana wawili wakauliza mbona hakuvaa 19. Hakujibu kitu. Mama yake alikuwa amesinzia kiti cha nyuma kuanzia Mlandizi mpaka Chalinze, na kwa gari iliyolala chini vile, sijui kama kuna sifa inayozidi hiyo.

Jina la mtaa linakwambia ushauriane na moyo. Poa, shauriana nao, ila na futi ya kupimia ibebe. Tukutane wiki ijayo!