Majina ya Vyakula Tu

Mwaka jana nilikaa Bruxelles mwezi mmoja kwa mafunzo. Jumapili moja baba mdogo, anayeishi kule tangu zamani, alinipeleka kula kwa Waitalia wa mtaani kwake. Mgahawa wenyewe una meza nane, zimetandikwa karatasi. Baba yuko jikoni, mama anapokea pesa, binti anapeleka sahani, na bibi mzee ameketi karibu na mlango wa jikoni akimenya vitunguu saumu.

Kwenye orodha ya vyakula niliona «pallotte cace e ove». Nilikuwa nimejifunza Kiitalia kidogo, nikajua kwamba mayai ni «uova». Nikamwuliza binti kama wamekosea kuandika. Akacheka. «Hiyo ni lugha ya bibi, ya kwao Abruzzo.» Akaleta madonge ya jibini, mayai na mkate mkavu, yaliyokaangwa kisha kupikwa katika mchuzi wa nyanya. Ni chakula cha watu waliokosa nyama, nacho ni kitamu sana.

Babu yake alifika Ubelgiji kuchimba makaa ya mawe, baada ya mapatano ya mwaka 1946: Italia ilitoa wafanyakazi, nayo ikauziwa makaa. Akataja Marcinelle, ambako tarehe 8 Agosti 1956 moto uliwaua watu 262 mgodini, 136 kati yao Waitalia. Babu hakutaka tena kushuka chini ya ardhi. Bibi akaanza kuwapikia watu. Watoto walipata Kifaransa shuleni. «Mimi, katika lugha ya bibi, najua majina ya vyakula na maneno ya kugombeza. Basi.»

Kisha akaniuliza: «Na wewe? Bibi yako anasema lugha gani?»

Nkambo wangu ni Mbemba. Mume wake alifanya kazi Union Minière. Katika kambi ya wafanyakazi, Lubumbashi, watu walitoka Kasai, Rwanda na Rodezia ya Kaskazini, na lugha ya kuelewana ilikuwa Kiswahili. Baba yangu alikulia humo. Mpaka leo nkambo anatusemesha Kiswahili, sisi wajukuu.

«Basi sema kitu,» binti akasema.

Nina daftari zima juu ya irabu inayotangulia kiambishi cha ngeli katika Kibemba. Ningeweza kumchorea jedwali. Lakini yaliyonitoka mdomoni ni haya: ubwali, isabi, ifisashi. Bukari, samaki, mboga za karanga.

«Kumbe uko kama mimi,» akasema, bila ubaya wowote. Baba mdogo aliinamia sahani yake. Mimi niliona tofauti moja tu: yeye hatapewa diploma kwa ajili ya lugha hiyo.

Usiku nilimpigia nkambo simu. Nikamwuliza kwa Kiswahili wanasemaje kwao wakiwaita wageni waje kula.

«Unaitaka ya nini, mjukuu wangu? Ya mtihani?»

Nikamjibu kwamba si ya mtihani. Akanyamaza kidogo.

«Iseni mulye,» akasema.

Nikarudia. Akanisahihisha toni, mara ya pili, mara ya tatu, huku akicheka, mpaka uniti zangu zikaisha.