Chevrolet ya Kibokoni yagoma kuzeeka

UKIIPA kisogo Fort Jesus na kuifuata Ndia Kuu, utagundua upesi kwamba Mji wa Kale wa Mombasa haukujengewa motokaa. Vichochoro vyake vilipimwa kwa upana wa punda na hamali mwenye mzigo. Hata magari ya mwanzo kisiwani humu, mwishoni mwa karne ya 19, yalikuwa troli zilizosukumwa na watu juu ya reli nyembamba, nazo zikatoweka miaka ya 1920 motokaa zilipozidi.

Ndiyo maana nilipigwa na bumbuazi siku nilipofunguliwa lango la bati katika ua mmoja mtaani Kibokoni. Ndani, chini ya turubai, kulikuwa na Chevrolet Bel Air ya mwaka wa 1954, urefu wake karibu mita 5. Kulitoa humo ni shughuli ya ukoo mzima: mjukuu mmoja husimama mbele, mwingine nyuma, na mama wa pale kwenye kona huombwa aondoe meza yake ya mahamri.

Mwenyewe ni mzee aliyestaafu kazi ya bandarini, naye hataki jina lake litangazwe gazetini. Gari alilirithi kwa babake. Usukani uko upande wa kulia, kwa kuwa magari ya General Motors yaliyokusudiwa nchi kama zetu yaliundwa hivyo huko Kanada na Afrika Kusini. Hiyo ni bahati, maana sheria za Kenya hazikubali gari la usukani wa kushoto lisajiliwe hivi hivi, na gari kuukuu linaloagizwa kutoka ng'ambo halitakiwi kuzidi umri wa miaka 8. Aliye na gari kama hili akilitupa, asitarajie kupata jingine kwa urahisi.

Adui wake mkubwa ni chumvi. Ivume kaskazi au kusi, upepo wa bahari haukosi kufika uani. Kutu nayo huanzia pale jicho lisipofika: ndani ya milango, chini ya zulia, kwenye maungio ya fenda. Dawa ni kuliosha gari mara kwa mara kwa maji matamu, na hapo msomaji wa Mombasa atacheka, kwani maji ya visima vya Mji wa Kale yana chumvi, na ya bomba huja yanapotaka yenyewe. Mzee hununua madumu kwa mwenye mkokoteni.

"Wenzangu hununua maji ya kunywa," aliniambia. "Mimi nanunua ya kunywa na ya gari."

Shida ya pili ni umeme. Chevrolet za mwaka huo zilitumia volti 6. Za volti 12 zilianza 1955. Fundi mmoja wa mtaani, kwa nia njema tu, aliwahi kufunga betri ya volti 12. Staata ilizunguka kama kimbunga, wote wakapiga makofi, kisha taa za dashibodi zikaungua pamoja na geji ya petroli. Taa zilipatikana. Geji ilitafutwa Marekani miezi saba, hadi ikapatikana moja ikiwa bado ndani ya boksi lake la kiwandani. Ushuru na usafiri vilizidi bei ya kipuri chenyewe. Hata spana zinazotakiwa ni za inchi, na vijana wengi wa jua kali siku hizi wamezoea za milimita.

Mjukuu mkubwa amechoka na hesabu hizo. Alisema mbele yangu, kwa adabu lakini bila kuficha: "Babu, tukifunga injini ya Toyota, gari hili litatulisha. Kila wikendi kuna harusi."

Mzee hakukasirika. "Hiyo itakuwa Toyota iliyovaa kofia ya Chevrolet," alijibu.

Nakiri kwamba moyoni nilikuwa upande wa kijana. Gari linalolala chini ya turubai miezi kumi kwa mwaka lina faida gani? Lakini fundi wake, mzee mwenziwe, alinionyesha jambo lililonitatiza. Injini hii ya silinda 6, yenye ukubwa wa karibu lita 3.9, iliundwa zama za petroli yenye madini ya risasi. Risasi ile ilikuwa ikikinga makalio ya vali za moshi yasilike. Tangu mwaka wa 2006 petroli hiyo haiuzwi tena nchini, na ni vizuri kwa vifua vya watoto wetu. Kwa hiyo fundi alichonga kichwa cha injini na kupachika pete za chuma kigumu, kitu ambacho kiwanda hakikukiweka. Mzee alikubali bila ubishi.

Kumbe hata yeye ana mipaka yake! Kinachouhifadhi mwili wa gari hukiruhusu, kinachoubadilisha hukikataa. Nilikumbuka nyumba za mtaa huu, ambazo zimewekewa sheria za kuzihifadhi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kuta za mawe ya matumbawe zikipakwa saruji badala ya chokaa hufungia unyevu ndani, na plasta huanza kubanduka. Tatizo ni kwamba pete za vali hazilishi nyumba, na fundi wa pekee anayeijua injini hii hana mwanafunzi. Mjukuu hupokezana naye spana, lakini bado hajasema kama atataka kujifunza.

Jioni hiyo gari lilitolewa. Liliunguruma, likakohoa mara mbili, kisha likatulia kabisa. Tulikwenda polepole hadi karibu na bustani ya Mama Ngina, watoto wakitupungia mikono njia nzima. Tuliwanunulia wajukuu mihogo ya kukaanga, nao wakaila nje ya gari kwa amri. Baada ya robo saa hivi mzee alitazama bahari, akapitisha kidole kwenye bampa na kukilamba.

"Chumvi," alisema. "Turudi. Na wewe kijana, pita kwa yule wa mkokoteni, mwambie alete madumu mawili."